Jina na Nyumba: Jumuiya za Wasanii Weusi wa Marekani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, mahali ambapo kila mwenye bidhaa ana haki ya kutandika mkeka wake na kila mpita njia ana macho ya kutazama. Lakini haisemi neno juu ya mtu aliyezuiliwa langoni. Kizuri kilichofungiwa nje ya soko hakijiuzi; hukaa mikononi mwa mwenyewe mpaka kikachakaa, na waliomo ndani husema kwamba hakikuwapo. Hali hiyo ndiyo iliyowakabili kwa muda mrefu wachoraji, wachongaji, wapiga picha na wasanifu weusi wa Marekani. Makala haya yanaeleza jinsi walivyoikabili kwa kujenga jumuiya zao wenyewe, na yanatafuta sababu zilizofanya baadhi ya jumuiya hizo zidumu na nyingine zife mapema.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayo sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili. Katika miaka ya 1960 wasanii wa Harlem, mtaa wa watu weusi katika mji wa New York, walipotafuta jina la chama chao walichukua neno la Kiswahili, Weusi. Na walipofungua ukumbi wao wa maonyesho waliuita Nyumba ya Sanaa. Maneno hayo hayakupelekwa kule na wafanya biashara wala na walowezi; yaliitwa na watu waliokuwa na haja nayo. Kuyaelewa ni kuelewa nusu ya habari. Nusu ya pili ni habari ya kodi, ya fedha na ya walimu, na bila ya hiyo jina hubaki sauti tu.

Tuanze na haja yenyewe. Augusta Savage, mchongaji aliyezaliwa Florida mwaka 1892, aliomba nafasi katika shule ya sanaa ya wakati wa kiangazi huko Fontainebleau, Ufaransa. Mwaka 1923 kamati ya Wamarekani iliyokuwa ikichagua wanafunzi ilimkatalia kwa sababu ya rangi yake. Alilalamika hadharani na magazeti yakaiandika habari hiyo, lakini uamuzi haukubadilishwa. Jambo la kuangaliwa hapa si uonevu wa mtu mmoja tu. Shule ya namna ile haikuwa mahali pa kujifunza kushika patasi peke yake. Ilikuwa mahali pa kujuana na walimu, wanunuzi na wenye kumbi. Aliyenyimwa kiti alinyimwa na watu. Ndiyo maana Savage, baada ya kupata masomo Ulaya kwa njia nyingine na kurudi kwao, hakutosheka na kuchonga. Mwaka 1932 alifungua karakana yake Harlem na kuwafundisha vijana, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake walikuwamo Norman Lewis na Gwendolyn Knight.

Wakati huo Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Mwaka 1935 serikali ilianzisha mpango wa kuwaajiri wasanii, na kwa fedha za mpango huo kilifunguliwa mwaka 1937 kituo cha sanaa cha jumuiya ya Harlem, Savage akiwa mkuu wake wa kwanza. Watoto na watu wazima walifundishwa kuchora, kufinyanga na kupiga chapa. Lakini kituo hicho kilisimama juu ya mguu mmoja tu, yaani fedha ya serikali. Ilipokatika wakati wa vita, mlango wake ulifungwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Kazi ya Savage yenyewe inatupa mfano ulio wazi zaidi. Kwa ajili ya maonyesho ya dunia yaliyofanyika New York mwaka 1939 aliumba sanamu kubwa iitwayo The Harp, yenye kimo cha futi 16 hivi: waimbaji weusi wamepangwa mfano wa nyuzi za kinubi. Watu wengi sana waliiona. Lakini ilikuwa ya plasta, wala haikupatikana fedha ya kuisubu kwa shaba, wala mahali pa kuihifadhi. Maonyesho yalipokwisha ilivunjwa pamoja na majengo ya muda. Zimebaki picha zake, na sanamu ndogo zilizouzwa kuwa ukumbusho. Basi kazi haikuangamia kwa kukosa watazamaji. Iliangamia kwa kukosa nyumba.

Linganisha na yaliyotokea Chicago. Huko nako palitakiwa kituo cha namna ile ile kwa msaada wa mpango ule ule wa serikali, lakini wakazi wa upande wa kusini wa mji walitakiwa kutafuta jengo wao wenyewe. Walifanya dansa za mavazi, wakachangisha, na wakasimama katika pembe za barabara na vikopo, wakiomba sarafu za senti kumi. Miongoni mwa waliosimama hivyo alikuwamo Margaret Burroughs, mchoraji na mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa kijana. Kwa michango hiyo ilinunuliwa nyumba ya zamani ya tajiri mmoja wa nafaka katika barabara ya South Michigan. South Side Community Art Center ilianza kazi mwisho wa mwaka 1940, na mwezi Mei 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikuja kuizindua. Gordon Parks, aliyekuja kuwa mpiga picha mashuhuri, alikitumia chumba chake cha kusafishia picha. Charles White na Elizabeth Catlett walifanya kazi humo.

Fedha ya serikali ilikatika Chicago kama ilivyokatika Harlem. Lakini kituo cha Chicago hakikufungwa, kwa sababu serikali ilikuwa imelipa mishahara na matengenezo, na nyumba yenyewe ilikuwa ya watu. Miaka mingi ya shida ilifuata, lakini nyumba ile ingali imesimama na ingali inafanya kazi. Tofauti ya vituo hivi viwili si tofauti ya vipaji wala ya bidii. Ni tofauti ya hati ya nyumba.

Hata hivyo nyumba haitoshi, kwa kuwa jumuiya ya wasanii si paa tu. Msanii anahitaji mwenzake wa kumwambia ukweli. Mwezi Julai 1963, wakati watu weusi walipokuwa wakijiandaa kwa maandamano makubwa ya Washington, wachoraji kadhaa wa New York walikutana kuulizana wajibu wao ulikuwa nini. Romare Bearden, Charles Alston, Hale Woodruff na Norman Lewis, yule aliyepita kwa Savage, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Walijiita Spiral, kwa mfano wa mstari unaozunguka ukitoka ndani kwenda nje na kupanda juu, jina lililotolewa na Woodruff. Walibishana: je, kuna sanaa ya watu weusi, au kuna sanaa tu? Hawakupatana, wala haikuwa lazima wapatane. Bearden alipendekeza wafanye pamoja kazi ya kubandika vipande vya picha. Wenzake hawakuvutiwa, naye akaifanya peke yake, na kazi hizo zikamletea sifa kubwa. Wazo lililokataliwa na kundi lisingalizaliwa bila ya kundi. Walifanya maonyesho mamoja tu kwa jina la chama, mwaka 1965. Chumba chao kilikuwa cha kupanga, nao walipokipoteza, mikutano ilikoma.

Mwaka ule ule wa 1963 wapiga picha weusi wa New York walianzisha chama chao, na Roy DeCarava akawa kiongozi wao wa kwanza. Desturi yao ilikuwa kuziweka picha mezani na kuzichambua bila ya huruma, kwa maana magazeti makubwa hayakuwa na nafasi kwao wala hayakuwa na mhariri wa kuwaonyesha makosa yao. Walijiita Kamoinge, neno la Kikikuyu lenye maana ya kundi la watu watendao kwa pamoja. Chama hicho kingalipo hata leo. Hapa tunaona kwa mara ya kwanza lugha ya Afrika ya Mashariki ikitumiwa kuitia jina jumuiya ya wasanii wa ng'ambo.

Sasa tufike kwenye Weusi. Chama hiki kilitokea Harlem mwaka 1965, kutoka katika kundi lililotangulia la wasanii waliokuwa wakionyesha kazi zao nje, hadharani, mahali ambapo watu wa mtaa walipita wakienda zao. Miongoni mwa wanachama wake wanajulikana Ademola Olugebefola, Otto Neals, Abdullah Aziz na Taiwo DuVall. Waliona ni bure kugonga mlango wa kumbi za katikati ya mji huku majirani zao hawajapata kuona picha yenye nyuso zinazofanana na zao. Walichora miungu, vinyago, wanamuziki na watu wa mtaani. Na kabla ya miaka ya 1960 kwisha walikuwa na ukumbi wao katika Harlem, Nyumba ya Sanaa, ambamo baadaye palifundishwa pia.

Mwanalugha ataliona neno weusi lina njia mbili za kusomwa. Kwanza ni jina la hali, kama wema na weupe: u- ya jina ikikutana na shina -eusi hutoa weusi, yaani hali ya kuwa -eusi. Pili ni kivumishi cha wingi wa watu: wa- ikikutana na shina hilo hilo hutoa weusi vile vile, na jina la watu likiachwa, kivumishi husimama peke yake. Kwa hiyo neno moja lataja sifa na lataja wenye sifa. Si lazima kudai kwamba waanzilishi walilipima hivyo. Lugha yenyewe imeliweka. Na maana hizo mbili ndizo kazi yote ya jumuiya: kuichukua hali ambayo wengine waliitumia kuwa sababu ya kumtenga mtu mmoja mmoja, na kuifanya kuwa watu waliokaa pamoja.

Nyumba ya Sanaa nalo ni jina lenye uzito. Pwani, nyumba ni jengo, na ni wakaao ndani pia. Watu wa nyumba moja ni ndugu hata kama kuta zimeanguka. Sanaa, neno lililotoka katika Kiarabu, halikutenga kazi ya fundi na kazi ya mchoraji: mlango wa nakshi, mkeka, kikoi na picha vyaweza kuingia katika neno hilo bila ya kugombana. Maneno msanii na msanifu yanakaribiana kwa sauti, ingawa mashina yake ya Kiarabu ni mbali mbali, la kwanza likitokana na kutengeneza na la pili likitokana na kupanga na kutunga. Kwa jumuiya ambayo ndani yake mmoja alichora turubai, wa pili alipiga chapa na wa tatu alishona nguo, neno lenye upana huu lilifaa.

Kwa nini Kiswahili? Wazee wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati upande wa magharibi, si kutoka pwani yetu. Kwa hiyo hawakukipokea Kiswahili kama mrithi apokeavyo mali ya baba; walikichagua. Kilikuwa lugha isiyokuwa ya kabila moja, nayo ilikuwa imetumika katika siasa za Tanganyika, nchi iliyopata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha huko California sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba iliyopewa majina ya Kiswahili, na mmoja wa misingi hiyo ni kuumba. Mtu aliyenyang'anywa lugha ya babu zake hawezi kuchagua kwa kurejea njia aliyokujia, kwa kuwa njia imefutwa. Huchagua kwa kutazama aendako.

Kwamba haja ilikuwa haijakwisha ilionekana mwezi Januari 1969, Metropolitan Museum of Art ya New York ilipofungua maonyesho makubwa juu ya Harlem. Zilikuwamo picha za kamera, sauti na maandishi. Michoro na sanamu za wasanii wa Harlem hazikuwamo. Mtaa ulikuwa umealikwa kutazamwa, lakini si kuonyesha. Wasanii walisimama mlangoni na mabango, na Benny Andrews alikuwa mmoja wa viongozi wao. Kumbuka kwamba wakati huo Nyumba ya Sanaa na Studio Museum in Harlem, iliyofunguliwa mwaka 1968, zilikuwapo katika mji huo huo. Haikuwezekana tena kusema kwamba wasanii hawakupatikana.

Lakini aliyefungiwa nje naye aweza kufunga mlango wake. Spiral ilikuwa na mwanamke mmoja tu, Emma Amos. Katika Weusi walikuwamo Kay Brown na Dindga McCannon, nao walikuwa wachache kati ya wanaume wengi. Mwaka 1971 wanawake hao wawili pamoja na Faith Ringgold na wenzao walifanya maonyesho yao wenyewe, na kutokana nayo kikazaliwa chama cha Where We At. Walifundisha sanaa hata magerezani, na walisaidiana katika malezi ya watoto, jambo ambalo vyama vya wanaume havikulihesabu kuwa sehemu ya sanaa. Funzo lake ni kwamba jumuiya yapasa kujiuliza kila mara ni nani angali barazani ilhali wengine wamekaa sebuleni.

Palikuwa pia na swali la mnunuzi. Mwaka 1968 Jeff Donaldson, Wadsworth Jarrell, Jae Jarrell, Barbara Jones-Hogu na Gerald Williams walianzisha Chicago chama kilichokuja kuitwa AfriCOBRA. Walipatana juu ya misingi ya kazi yao: rangi kali zing'aazo, maandishi ndani ya picha, na sura za watu weusi zenye heshima. Jae Jarrell alikuwa msanifu wa mavazi, na nguo zake zilihesabiwa sawa na turubai. Waligeuza kazi zao kuwa mabango ya chapa, nakala nyingi kwa bei nafuu, ili mfanya kazi wa kawaida aweze kutundika moja ukutani kwake. Kwa njia hiyo walihamisha soko: badala ya kumngoja tajiri mmoja, walitafuta majirani wengi.

Wasanifu wa michoro, yaani wale wapangao sura ya vitabu, matangazo na stempu, walikuwa na shida nyingine. Mchoraji huweka jina lake chini ya picha. Kazi ya msanifu hutoka bila ya sahihi, na jina linaloonekana ni la aliyeinunua. Georg Olden alifanya kazi katika shirika la CBS tangu mwaka 1945, na mwaka 1963 alisanifu stempu ya ukumbusho wa miaka 100 ya tangazo la kuwaacha huru watumwa, yenye mnyororo uliokatika. Alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kusanifu stempu ya nchi hiyo. Maelfu waliilamba na kuibandika bila ya kumjua. Mwaka 1987 Cheryl D. Miller aliandika katika gazeti la Print makala iliyowafananisha wasanifu weusi na askari waliopotea vitani. Ilitokana na utafiti wake wa mwaka 1985 katika chuo cha Pratt. Makala hiyo ikawa daftari la kwanza la mjadala uliodumu, na mwaka 2021 chama cha wasanifu wa Marekani kilimpa Miller nishani yake. Kwa watu wa kazi isiyo na sahihi, kuandikwa majina ni namna ya kujengewa nyumba.

Jina la Nyumba ya Sanaa lilipata kutumika kwetu pia. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Dar es Salaam kituo chenye jina hilo. Si lazima moja iwe imezaa nyingine. Haja moja hutafuta jina moja. George Lilanga, Mmakonde, aliingia humo akiwa mlinzi wa usiku, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwake, mlinzi akawa mchoraji aliyejulikana katika nchi nyingi kabla ya kufariki mwaka 2005. Laiti asingalipata mahali pa kuonyesha mchoro wake wa kwanza, hata methali yetu ya kizuri isingalimfaa.

Tukikusanya yote, tunaona nguzo tatu. Ya kwanza ni mahali pasipoweza kuondolewa kwa barua moja ya mwenye nyumba au ya mwenye fedha. Ya pili ni baraza ya ukweli, ambamo kazi huchambuliwa na wenzi, na ambamo walioachwa nje huulizwa sababu ya kuachwa. Ya tatu ni kumbukumbu: Savage alimfundisha Lewis, Lewis aliwaasisi Spiral pamoja na wenzake, na mwaka 1969 yeye, Bearden na Ernest Crichlow walifungua Cinque Gallery kwa ajili ya vijana. Mnyororo huo ukikatika, kila kizazi hudhani kwamba ndicho cha kwanza, na huanza tena kuchimba msingi uliokwisha chimbwa.

Jina halimo katika nguzo hizo, nalo lina kazi yake. Jina ndilo linalowakusanya watu kabla nyumba haijapatikana, na ndilo linalobaki nyumba ikibomoka. Kiswahili kiliwapa wasanii wa Harlem majina mawili mazuri bila ya kudai malipo. Sisi tunaokisoma Kiswahili tuna deni dogo: kuyaandika majina hayo katika historia ya lugha hii pamoja na kazi za waliojiita kwayo, kama tunavyoandika safari za maneno yaliyokuja kwetu na jahazi. Neno lililokwenda mbali likapewa kazi nzito lisiachwe kuwa geni kwao.